Lester Patrick na kikosi cha kurithi

Kocha akibeba ubingwa katika msimu wake wa pili tu, shabiki huuliza: kikosi kasajili nani? Kwa Lester Patrick, kocha wa hoki ya barafu wa New York Rangers, jibu linauma. Ndugu wawili Bill na Bun Cook, Frank Boucher aliyecheza katikati yao, beki Ching Johnson na kipa Lorne Chabot, wote waliletwa na Conn Smythe, meneja aliyemtangulia Patrick, mwaka 1926. Smythe akafukuzwa kabla ligi haijaanza, Patrick akakuta chakula kishapakuliwa. Tena Smythe akaenda kuisuka Toronto Maple Leafs, na katika fainali ya 1932 ikaichapa Rangers mechi 3 kwa 0. Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi.

Watetezi wa Patrick hukimbilia usiku wa Aprili 7, 1928. Mechi zote za fainali zilichezewa Montreal, kwa wapinzani wao Maroons, kwa sababu ukumbi wa Madison Square Garden ulikuwa na sarakasi. Shuti la Nels Stewart likampiga Chabot jichoni, akakimbizwa hospitali. Kipa wa akiba hakuna. Enzi hizo timu zilisafiri na mmoja. Alec Connell, kipa wa Ottawa, alikuwa pale pale jukwaani, lakini kocha wa Maroons akakataa asiazimwe. Basi Patrick, mtu wa miaka 44 mwenye kichwa cheupe kwa mvi, akavaa vifaa na kuingia golini. Akafungwa 1 tu, Boucher akamaliza kazi muda wa nyongeza, 2-1. Hatimaye, baada ya mechi zilizobaki, kombe likaenda New York.

Ni ushujaa, lakini kwangu kisa hiki kinamdhulumu, maana watu wanamkumbuka kipa wanamsahau kocha. Ligi aliyoianzisha na mdogo wake Frank magharibi mwa Kanada mwaka 1911 iliruhusu pasi ya mbele katikati ya uwanja wakati mashariki bado ilikuwa marufuku. Boucher mwenyewe alikomaa Vancouver, kwenye timu ya Frank. Kwa hiyo hata alichonunua Smythe, sehemu yake ilitoka shamba la akina Patrick.

Halafu kuna kudumu. Katika misimu 13 ya Patrick, Rangers walikosa hatua ya mtoano mara 1 tu. Kikosi cha kurithi hakikai hivyo bila mlezi. Mwaka 1933 walirudiana na Toronto fainali. Bao pekee la mechi ya mwisho, muda wa nyongeza, lilifungwa na Bill Cook, chaguo la Smythe, dhidi ya timu ya Smythe. Alikuwa ameshapita miaka 35, msimu wa saba mikononi mwa Patrick, na mwaka huo ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa pointi, yaani mabao pamoja na pasi za mabao.