Lazima Grafu Ianzie Sifuri?

Tarehe 15 Agosti 2022, William Ruto alitangazwa mshindi wa urais Kenya kwa asilimia 50.49 ya kura, Raila Odinga akiwa na 48.85. Chora matokeo hayo kwa grafu ya pau, kisha anzisha mhimili wima kwenye 48. Pau ya Ruto itakuwa karibu mara tatu ya pau ya Odinga. Hakuna tarakimu iliyoghushiwa, lakini anayeipitia haraka kwenye simu ataamini huo ulikuwa ushindi wa kishindo. Pau husomwa kwa urefu. Ukiikata chini, uwiano wote umeharibika.

Ndiyo maana wapo wanaoshikilia kwamba kila grafu ianzie sifuri. Sharti hilo ni rahisi kukagua, na humbana mwenye nia ya kupotosha.

Tatizo ni hilo neno "kila". Joto la mgonjwa likipanda kutoka nyuzi 36.8 hadi 39.5, mhimili unaoanzia sifuri utaulaza mstari, na homa kali itaonekana kama jambo dogo. Huko Mauna Loa, Hawaii, kaboni dioksidi hewani imepimwa tangu 1958, nayo imepanda kutoka takriban sehemu 315 kwa milioni hadi zaidi ya 420. Grafu yake kwa kawaida huanzia juu ya 300, na kwa hiyo tunaona hata mawimbi madogo ya kila mwaka, mimea inapovuta gesi hiyo na kuiachia. Ukianzia sifuri, mawimbi hayo karibu yote yanapotea.

Kwangu, pau zianzie sifuri, basi. Mstari ni suala jingine, kwa kuwa jicho hufuata mwelekeo wake. Uachwe uanzie juu, mradi namba za mhimili zisomeke bila kukodoa macho.

Hata hivyo mstari nao hudanganya. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160 za Kenya. Katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Anguko hilo linaonekana hata ukianzia sifuri. Baadaye dola ilitulia karibu na 129 kwa miezi mingi. Mhimili wa kutoka 128 hadi 130 ungechora milima na mabonde katika kipindi hicho cha utulivu. Kabla ya kuuchagua, mchoraji amuulize muagizaji wa mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi: dola ipande shilingi ngapi ndipo abadilishe bei ya robota?