Lita Moja ya Bahari

Kikundi chetu cha jogging kina Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, Kamati ya Nidhamu, jezi za njano, na faini ya shilingi elfu moja kwa atakayefika baada ya saa kumi na moja alfajiri. Kukimbia ni ajenda ya mwisho kabisa, chini ya mengineyo. Lakini tunakimbia, tena kweli, kwa sababu kila Jumamosi inaishia kwenye supu ya kongoro na chapati mbili, na mimi sijaona bado kitu kingine kinachoweza kumtoa mtu wa Kinondoni kitandani usiku bila kummwagia maji.

Mwezi wa kwanza ule tulikuwa tunajiandaa na nusu marathoni ya Moshi, ile ya kilomita 21.1 inayopandisha kuelekea Mweka mpaka mtu unaanza kukumbuka madeni. Ratiba ilisema Jumamosi hiyo ni kilomita 16. Ijumaa jioni Katibu akatuma kwenye grupu ujumbe wa sauti wa dakika saba. Katibu hajui kuandika kifupi wala kusema kifupi. Ukiondoa salamu, pole kwa wafiwa na michango, dakika moja na nusu ilihusu maji.

Alichosema kilikuwa sahihi, na nasema hivi kwa kumtendea haki, maana baadaye alisemwa sana. Mbio zisizofika saa moja, maji matupu yanatosha. Ukipita hapo, na hasa kwenye joto la Dar la Januari ambapo jasho halikauki, linatiririka tu, unahitaji sukari kidogo na chumvi kidogo. Kama huna pakiti za ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, tengeneza: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko cha chai, si cha kulia wali. Na kiwe cha usawa, upitishe mgongo wa kisu juu yake, si kile cha mlima Uluguru. Sukari na chumvi huingia mwilini zikiwa zimeshikana mikono pale kwenye utumbo, na maji hufuata nyuma yao. Ukikosea vipimo, urafiki huo unavunjika.

Kisha akamalizia kwa sentensi iliyoniponza: "Na msiogope ladha, wajumbe. Ikikuchefua kidogo ujue inafanya kazi."

Saa kumi na robo usiku niliamka nikakuta giza. Umeme wa Luku ulikuwa umeisha, kosa langu, mke wangu alinikumbusha Alhamisi. Simu ilikuwa na asilimia nne ya chaji, nami nilitaka kuitunza kwa ajili ya kupima kilomita, maana kilomita ambayo simu haikuiona kwenye kikundi chetu haihesabiwi. Nikaingia jikoni kwa kupapasa. Nyumba yangu mwenyewe, rafu nimeipigilia misumari mwenyewe. Nani awashe tochi?

Sasa, mama mkwe alikuwa ametutembelea tangu Jumatano. Mama mkwe wangu ni mtu mwema, hawezi kukaa bure. Mchana wa Ijumaa alilipanga upya jiko letu lote. Makopo mawili ya siagi, ambayo kwa miaka sita moja limekaa kulia na sukari na jingine kushoto na chumvi, aliyabadilisha nafasi. Alikuwa na sababu nzuri: chumvi ya Dar hunyonya unyevu, basi aliisogeza karibu na jiko ipate joto. Kwenye mwanga hata mtoto wa chekechea asingekosea, sukari yetu ni ya kahawia na chumvi ni nyeupe. Gizani una vidole tu, na chumvi iliyoshika unyevu inaganda vidonge vidonge, ukiigusa unasema hii ni sukari, tena ile ya kiwandani yenye punje kubwa.

Nikapima kwa uaminifu mkubwa. Vijiko sita, kila kimoja nikakisawazisha kwa kisu gizani, nikihesabu kwa sauti ya chini nisiwaamshe. Nusu kijiko kutoka kopo la pili. Nikakamulia ndimu mbili, nikatikisa. Kwenye maisha yangu sijawahi kufuata maelekezo kwa makini kiasi kile.

Kijiko cha chai cha usawa kina kama gramu sita za chumvi. Sita mara sita, thelathini na sita. Maji ya Bahari ya Hindi yana kama gramu 35 kwa lita. Yaani saa kumi na nusu alfajiri, jikoni kwangu Kinondoni, nilikuwa nimetengeneza bahari, na kwa ndimu nikaipita kidogo.

Nikajaza glasi ya robo lita. Funda la kwanza macho yalitoka. Ulimi ukajikunja kama jongoo aliyeguswa. Mtu mwenye akili angetema hapo hapo. Lakini sauti ya Katibu ikanijia: ikikuchefua ujue inafanya kazi. Nikajisemea hii inafanya kazi kupita kiasi. Nikaziba pua nikashusha yote kwa mkupuo, nusu lita nikaitia kwenye chupa ya kiunoni, nikapaka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye chuchu (mwanamume anayecheka hapa hajawahi kukimbia kilomita 16 na fulana ya pamba iliyolowa), nikakunja noti ya elfu kumi ndani ya kipande cha mfuko wa nailoni pamoja na karatasi yenye namba ya mke wangu, nikatoka.

Tukaanza saa kumi na moja kamili, watu kumi na wawili. Gizani tunakimbia upande wa kulia wa barabara, magari yaje yakitutazama usoni, mmoja mbele na mmoja nyuma wamevaa vizibao vya kuakisi mwanga. Masikio wazi, hakuna muziki, kwa sababu bodaboda wa alfajiri hatambui upande wa kulia wala wa kushoto, anatambua abiria tu. Mwendo ni wa kupiga soga: ukishindwa kumaliza sentensi ya maneno kumi bila kuhema, punguza. Na wimbo wa mchakamchaka unaongozwa na Mweka Hazina, ambaye huingiza majina ya wanaodaiwa katikati ya beti.

Kilomita ya kwanza na ya pili, shwari. Ya tatu nikahisi kiu, si ile ya kawaida. Hii ilikuwa kiu yenye hasira. Nikapiga funda. Ikaongezeka. Nikapiga jingine. Kufika Daraja la Salenda, maji yametoka pale mikoko imebaki na tope lake na ile harufu yake maarufu, mdomo wangu ulikuwa mkavu kama ndani ya begi la simenti. Nikamwambia mwenzangu leo kuna joto. Akanitazama. Ilikuwa bado giza na upepo wa kaskazi unavuma.

Tulipoingia Daraja la Tanzanite, tumbo likatoa sauti. Jirani yangu akageuka nyuma akidhani ni bajaji.

Daraja lile ni zuri, limefunguliwa 2022, kulia bahari kushoto bahari, na lina urefu wa zaidi ya kilomita moja. Naomba msomaji aishike hiyo kilomita. Katikati yake hakuna mti, hakuna kichaka, hakuna ukuta. Kuna watu wanaopiga picha jua likichomoza.

Hapo ndipo Katibu, ambaye chupa yake aliisahau nyumbani baada ya kutukumbusha kwa dakika saba tusisahau zetu, akanisogelea. "Mjumbe, nigawie kidogo." Nikampa. Katibu ni mtu wa kuamini kazi yake. Akajaza mashavu yote mawili. Kisha akasimama. Akazibuka kama bomba la mtaani, upepo wa kaskazi ukamrudishia yote kwenye jezi. Akafuta uso kwa mkono, akaitazama chupa, akatazama chini ya daraja, akaniuliza taratibu kabisa:

"Mjumbe, hii umechota hapo?"

Nikataka kumjibu kwamba ni maelekezo yake mwenyewe, vijiko sita na nusu. Sikupata nafasi. Tumbo langu lilikuwa limeanza mchakamchaka wake, na lenyewe halikuwa kwenye mwendo wa kupiga soga.

Nilizikimbia mita mia nne zilizobaki kwa mtindo ambao haufundishwi popote: magoti yamebanana, visigino vinarusha pembeni, mikono imeshika jezi. Watalii wawili walinipigia makofi. Simu, ambayo kwa maajabu ya Mungu ilikuwa bado hai, iliandika hiyo kuwa ndiyo kasi yangu bora kwa mwaka mzima.

Upande wa ufukwe wa Coco kuna choo cha kulipia, shilingi mia tano. Mlangoni alikaa mama mmoja na kanga yake na redio ndogo, ndiyo kwanza amefungua. Nikampa noti yangu ya elfu kumi, imelowa jasho.

"Baba, saa hizi chenji naitoa wapi?"

"Mama, shika tu."

"Nishike elfu kumi ya watu? Subiri nikaulize kwa muuza kahawa."

"Mama, nakuomba kwa Mungu wako."

Akanitazama kuanzia usoni kushuka. Wanawake wa umri ule wamelea, hawahitaji kuelezwa. Akaitia noti kwenye kanga, akaipiga fundo. "Haya ingia. Zimebaki kumi na tisa."

Nilipotoka, dakika kumi baadaye, kikundi kizima kilikuwa kimesimama nje kwa mshikamano wa jezi za njano. Kamati ya Nidhamu ilikuwa imeshaanza kikao. Nikawapungia mkono, nikageuka nikarudi ndani. "Kumi na nane," mama akasema.

Katibu, kwa huruma, akatangaza kwamba mjumbe anaharisha na dawa ya kuharisha inajulikana, atafutiwe ORS haraka. Bahati yangu tuna dada mmoja muuguzi. Alinusa chupa, akachovya kidole, akaniuliza nimeweka nini na kiasi gani. Nilipomaliza kumweleza alikaa chini kwenye ukingo wa barabara akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akawa mkali. "Huyu asipewe ORS. Chumvi aliyo nayo inatosha pilau la msiba mzima. Maji matupu, funda dogo dogo, na hakimbii tena leo."

Akatueleza hapo hapo, mimi nimejikunja chini ya mnazi. Dripu ya chumvi ya hospitali ina gramu 9 kwa lita, inakaribiana na chumvi ya damu. Yangu ilikuwa mara nne yake. Maji mwilini hufuata chumvi iliko nyingi. Kwa hiyo badala ya utumbo kunyonya maji kutoka kwenye chupa, maji ya mwili wangu yaligeuza njia, yakatoka kwenye damu kwenda kwenye utumbo, na utumbo ukijaa ghafla hauombi ruhusa. Ndiyo maana kila nikinywa nilizidi kuona kiu. Glasi moja tu ya nyumbani ilikuwa na gramu tisa za chumvi, wakati mtu mzima anashauriwa asizidi tano kwa siku nzima. Akasema ningeimaliza chupa ile saa hizo tungekuwa tunaongea mengine: kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, hospitali. Kipimo alichotupa ni cha bure: kabla ya kunywa, onja, kinywaji cha mazoezi kisizidi chumvi ya machozi. Machozi yangu nilikuwa nayo pale pale kwa ajili ya kulinganisha.

Akamgeukia na mwenzetu mmoja aliyekuwa ameogopa na kuanza kubugia maji chupa ya tatu. Nayo hiyo ni hatari, akamwambia, ukinywa maji mengi kuliko jasho unaizimua chumvi ya damu, kichwa kinauma, unavimba vidole, na wapo waliokufa kwenye marathoni kwa namna hiyo. Kunywa ukiona kiu. Yule ndugu akaiweka chupa chini kama mtu aliyeshika nyoka.

Nikarudi kwa bajaji, baada ya kuaga mara mbili na mama kusema kumi na saba na kumi na sita. Nyumbani nikapanda mzani. Asubuhi kabla ya kunywa nilikuwa kilo 71, sasa 69 na pointi mbili. Kilo moja iliyopungua kwenye mbio ni kama lita moja ya maji, na kwa kawaida umbali ule hunitoa nusu tu ya nilichopoteza siku hiyo. Mama mkwe, aliyepika uji kungali giza na kusahau kwamba makopo aliyahamisha mwenyewe, alikuwa mezani nao. Akauonja, akakunja uso, akasema mwanangu, sukari yenu hii haikolei kabisa, nimetia vijiko vinne.

Mke wangu alinyamaza. Mchana alinunua kalamu ya wino mzito, akaandika kwenye kopo moja SUKARI. Kwenye lingine akaandika BAHARI. Bado liko hivyo, na wageni huuliza.

Kikundi kilinitoza elfu mbili kwa kuacha msafara bila taarifa. Katibu akaandika kwenye muhtasari, nina nakala, kwamba "mjumbe aliondoka kwenye mbio akiwa na sababu zake za ndani." Halafu wakanichagua Mjumbe wa Maji. Siku hizi naandaa tangu Ijumaa jioni, taa ikiwaka, na kabla hatujaondoka naonja funda moja mbele ya wajumbe wote. Wananitazama dakika nzima, saa mkononi, kabla hawajafungua chupa zao.

Na tukishuka Tanzanite kuelekea Coco, yule mama huinuka kwenye kigoda chake na kunipungia kanga.

"Baba wa elfu kumi! Kumi na sita zako zipo!"