Jua halitalipuka

Makala yenu kuhusu Jua inasema litalipuka likiishiwa haidrojeni, gesi inayoliwasha. Hapana jamani! Nyota iliyo peke yake, isiyo na nyota mwenzake, ikitaka kuishia kwa supanova (mlipuko mkubwa wa nyota) huhitaji uzito wa takriban mara 8 ya Jua. Letu litavimba liwe jitu jekundu, yaani nyota kubwa mno nyekundu, miaka bilioni 5 hivi ijayo, kisha libaki kiini kidogo cheupe. Basi.

Jambo tamu zaidi mmelipitia mbio mbio: uso wa Jua hupanda na kushuka kila dakika 5 hivi kwa sababu ya mawimbi ya sauti yanayozunguka ndani yake. Kwa kuyapima hayo, wataalamu wamejua kwamba tabaka la nje, lenye kina cha kilomita 200,000 hivi, huchemka na kupinduka, ilhali chini yake joto husafiri kwa mnururisho, yaani kwa njia ya mwanga. Hiyo ndiyo ilistahili kichwa cha habari, si ile picha ya mlipuko.