Chepe au mashine: zege la nyumba lichanganywe vipi?

Katika ujenzi wa nyumba za kuishi, iwe Dar es Salaam, Morogoro au Mwanza, swali la kuchanganya zege kwa chepe au kwa mashine huamuliwa mara nyingi na fedha iliyobaki mkononi siku ya kumwaga, ilhali lilipaswa kuamuliwa na kazi ambayo zege hilo litakwenda kuifanya. Wapo wanaoamini kwamba zege la mashine pekee ndilo zege, na wapo wanaoshikilia kwamba la mkono ni imara zaidi kwa sababu fundi huliona kila linapopinduliwa. Pande zote mbili zina hoja, ila hoja hizo hazina uzito sawa.

Wanaotetea chepe hawapaswi kupuuzwa. Viwanja vingi viko ndani ya vichochoro ambamo mashine haipiti, sembuse gari la zege la kiwandani, na kukodi mashine kwa siku nzima ili kumwaga lenta ya chumba kimoja ni kutupa fedha ambayo ingenunua saruji. Zaidi ya hayo, zege zuri la mkono linawezekana. Mfuko wa kilo 50 wa saruji una ujazo wa takriban lita 35, hivyo kwa uwiano wa 1:2:4 unahitaji mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20 na kokoto ndoo saba. Saruji na mchanga vikipinduliwa vikavu juu ya sakafu ngumu na safi mpaka rangi iwe moja, kokoto zikafuata, na maji yakaja mwisho kidogo kidogo, zege hilo litafaa kwa jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, kwa lenta na kwa msingi wa nyumba ya kawaida. Anayechanganya juu ya udongo mtupu hupoteza maji ya saruji ardhini na kukusanya uchafu ndani ya zege. Kosa hilo ni la kawaida mno, na kulizuia hugharimu bati chache tu.

Udhaifu wa chepe huonekana kazi inapokuwa kubwa. Slabu ya ghorofa yenye mita za mraba 100 na unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 15, yaani takriban tani 36 za zege na karibu mifuko 100 ya saruji, na mzigo wote huo unatakiwa upinduliwe mara kadhaa kwa nguvu za mikono. Hakuna kibarua anayepindua mfuko wa themanini kama alivyopindua wa tano. Mikono ikichoka, maji huongezwa ili chepe lipite kwa wepesi, na sehemu ya slabu iliyomwagwa jioni huwa dhaifu kuliko ya asubuhi. Mafundi husema zege halilali, na kwenye slabu kauli hiyo ni kweli tupu: zege jipya likikutana na lililokwisha kuanza kushika, hubaki ungio dhaifu ambalo baadaye huvujisha maji.

Mashine huondoa tatizo la uchovu, kwani kwa dakika mbili hivi za kuzunguka baada ya maji kuingia hutoa mchanganyiko ulio sawa, mfuko wa kwanza hadi wa mwisho. Hata hivyo, haiondoi tatizo la maji, na hapa ndipo watetezi wake wanapojidanganya. Tangu mwaka 1918, mtafiti wa zege Mmarekani Duff Abrams alipochapisha utafiti wake Chicago, inafahamika kwamba nguvu ya zege hutegemea zaidi uwiano wa maji na saruji. Lita 25 kwa mfuko zinatosha, na mchanga ukiwa na unyevu zipunguzwe. Lakini genge linalolipwa kwa idadi ya mifuko lina kila sababu ya kutaka zege jepesi litiririke, na pipa la mashine huinamishwa kabla ya wakati. Pipa lenye gamba la zege la zamani na mapanga ya ndani yaliyolika nalo halichanganyi, linazungusha tu. Mwenye nyumba amweke mtu mmoja anayemwamini kwenye maji, asifanye kazi nyingine siku hiyo.

Kwa maoni yangu, slabu na mihimili ya ghorofa isimwagwe kwa chepe kamwe, na kama fedha ya mashine haipo, kumwaga kusubiri, kwa kuwa chini ya slabu hiyo watalala watoto. Kazi nyingine zinaweza kuchanganywa kwa mkono, pamoja na kuongeza saruji kwa asilimia 10 kama ilivyo desturi ya wahandisi.

Kesi ngumu ni nguzo za baraza. Nguzo ya sentimita 23 kwa 23 yenye kimo cha mita tatu hula mita za ujazo 0.16, takriban kiasi kinachotolewa na mfuko mmoja kwa uwiano wa 1:2:4. Hakuna atakayekodi mashine kwa nguzo nne, ingawa zinabeba paa. Hapo fundi achanganye mfuko mmoja kwa wakati, amimine kwa tabaka fupi huku akishindilia kila tabaka kwa kipande cha nondo, na amalize nguzo moja kabla maji hayajagusa mfuko wa pili.