Usianze na "Taja Tashbihi Mbili"

Maswali yanayofuata hadithi ya wanyama katika vitabu vya watoto yana sura ileile: eleza maana ya maneno yafuatayo, taja tashbihi mbili (ulinganisho wa "kama"), toa mfano mmoja wa tashihisi (kukipa kisicho binadamu tabia za binadamu). Mtoto anaweza kuyapata yote na bado usijue kama ameisoma hadithi. Kwa maoni yangu, majina ya tamathali, yaani mbinu za lugha kama hizo, yaje mwisho kabisa, na kazi ianze na vitenzi.

Tuseme kifungu ni hiki:

"Nguchiro alinyata hadi ukingoni. Mto ukamcheka. Akanusa. Akarudi nyuma hatua tatu, akakunja miguu chini ya tumbo, akachupa. Chubwi!"

Hadithi ya safari na hatari huendeshwa na mwendo. Anayenyata hataki kusikika, kwa hiyo yupo anayeogopwa au anayewindwa, na swali la kumwuliza mtoto ni hilo: nani? Mwandishi angeandika "alinyemelea", tungejua kuna windo. Angeandika "alijikokota", tungetafuta jeraha au uchovu. Kitenzi kimoja hubeba nusu ya habari za mhusika, lakini orodha nyingi za msamiati hujaa nomino tupu.

"Akachupa" ni mtego. Mtoto anaijua chupa ya maji, basi atakwama, au atapita akidhani ameelewa. Usimpe maana mara moja. Mrudishe kwenye dalili: hatua tatu nyuma, miguu imekunjwa, kisha mlio wa kitu kuingia majini. Akishajibu mwenyewe, ndipo afungue kamusi kuhakiki. Huko nako kuna shida yake, kwa sababu "walinyemelewa" hakipatikani kwenye W. Afundishwe kuvua viambishi mpaka afike "nyemelea". Vivyo hivyo "meno" atafute "jino", na "kucha" atafute "ukucha". Neno kama "kaa" lina maingizo kadhaa, na katika hadithi ya ufukweni mwenye magando ndiye anayetakiwa, si kitenzi cha kuketi wala kipande cha mkaa.

Maneno sita hadi nane kwa sura yanatosha. Yachaguliwe baada ya usomaji wa kwanza usiokatizwa. Linaloelezwa mapema ni lile tu ambalo bila hilo tukio halishikiki na kifungu hakisaidii, kwa mfano jina la mnyama asiyemjua. Hapo picha inashinda aya nzima ya maelezo.

Sasa tamathali. Ukimwambia mtoto atafute tashbihi, ataisaka "kama" na kupigia mstari "kama asingefika mapema" au "nyani kama kumi". Hakuna ulinganisho hapo; ya kwanza ni sharti, ya pili ni kadirio. Kipimo ni vitu viwili tofauti na sifa moja wanayoshiriki. Akishindwa kuitaja sifa hiyo, hajapata tashbihi. Na akiipata, aulizwe jambo ambalo maswali ya vitabuni hulisahau: ulinganisho huu unatoka katika ulimwengu wa nani? Nguchiro aliyeishi kichakani maisha yake yote akisikia maporomoko "kama treni", mwandishi ameteleza. Akisikia "kama mbawa za tai mia moja", tumepewa mlio na hofu yake kwa pamoja, maana tai humla.

Tashihisi ndiyo huharibiwa zaidi. Wapo wanaofundisha kwamba hadithi ikiwa ya wanyama basi yote ni tashihisi, na mtoto anaandika "simba alinguruma". Simba wa kweli hunguruma! Nguchiro kunusa, kunyata na kuruka ni maisha yake ya kawaida. Kwenye kifungu chetu aliyepewa ubinadamu ni mto, uliocheka. Kama nguchiro angejiuliza ndugu zake watamwonaje, naye angeingia. Kwa hiyo mwulize mtoto: mnyama wa kweli angefanya hivi? Jibu likiwa hapana, muulize mwandishi amepata nini kwa kumpa tabia hiyo. Fisi ni mfano mzuri. Hadithi humfanya mlafi mwoga anayengoja mabaki, ilhali fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe. Tofauti hiyo inamwonyesha msomaji mahali mwandishi alipokopa sifa kutoka kwa watu. Sitiari, yaani ulinganisho usiotumia "kama", nayo inahitaji tahadhari: "kobe alikuwa simba siku hiyo" ni sitiari hata kama simba mwenyewe ni mhusika kwenye ukurasa uleule.

Tanakali za sauti, yaani maneno yanayoiga milio kama "chubwi", hazihitaji somo refu. Zisomwe kwa sauti, basi.

Taharuki, yaani ile hali ya kungoja kwa wasiwasi kitakachofuata, ndiyo inayostahili muda. Tazama tena "Akanusa." Ni sentensi ya neno moja, imewekwa kabla ya kuruka, nayo inamchelewesha msomaji ukingoni. Mwambie mtoto aunganishe: "Alinusa na kurudi nyuma na kukunja miguu na kuchupa." Asome zote mbili kwa sauti. Matukio ni yaleyale, ila ule mfululizo wa -ka- na vituo vyake umepotea, na hofu imeondoka navyo. Kisha abadilishe kitenzi kimoja tu, aweke "akatambaa" badala ya "akachupa", na arekebishe kila kinacholazimika kubadilika. Hatua tatu za nyuma zitakosa kazi, na "chubwi" haitakaa tena mahali pake. Akiyaona hayo bila kuambiwa, mpe jina la mbinu aliandike daftarini.