Diski Iliyoshindwa Haikuwa na Mpaka

Mwaka 2005, siku mbili kabla ya Idi, ami yangu alitua Unguja kutoka Maskati na begi la tende, udi na DVD moja ya katuni aliyotununulia sisi watoto. Nyumbani tulikuwa na deki iliyonunuliwa Darajani miezi michache nyuma. Watoto wa mtaa walijaa ukumbini, wengine wamesimama mlangoni. Diski ikaingia, ikazunguka, kisha kwenye kioo yakatokea maandishi ya Kiingereza kwamba diski hii hairuhusiwi kuchezwa katika eneo hili. Baba aliitoa, akaifuta kwa pindo la kanzu, akairudisha. Maandishi yale yale. Ami aliona haya mbele ya watoto, akadhani ameuziwa kitu kibovu. Likizo ilipokwisha alirudi nayo Maskati, na huko ikacheza vizuri tu.

Nilikuja kuelewa baada ya miaka. Waliounda DVD waliigawa dunia katika maeneo sita, kila eneo na namba yake. Oman ilitiwa namba 2, pamoja na Ulaya na Japani. Sisi tulitiwa namba 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. Watu wa Maskati na Unguja wameoana, wamezikana na wamefanya biashara kwa karne nyingi kwa kufuata kaskazi na kusi, na kampuni za filamu zikapitisha ukuta katikati yao, ndani ya diski ya katuni.

Ndiyo maana kila ninaposoma kuhusu vita vya HD DVD na Blu-ray, diski mbili zilizogombea nafasi ya DVD, siwezi kuungana na wanaosema kwamba iliyo bora ndiyo iliyoshinda. Katika jambo linalonigusa mimi, iliyo bora, HD DVD, ilishindwa.

Vita vyenyewe vilikuwa vya kumrithi DVD, sasa kwa picha kali zaidi. Upande mmoja ulikuwa na Toshiba na HD DVD yake, ikiungwa mkono na NEC na Microsoft. Upande wa pili ulikuwa na Sony na Blu-ray, na nyuma yake Panasonic, Philips, Pioneer, Samsung, LG na kundi kubwa la wengine. HD DVD iliingia madukani Japani tarehe 31 Machi 2006, na mwezi uliofuata ikaingia Marekani, ambako deki ya bei nafuu ya Toshiba iliuzwa dola 499. Deki ya kwanza ya Blu-ray kuuzwa Marekani, ya Samsung, ilifika Juni kwa karibu dola 1,000.

Ukikaa kwenye kochi lako usingeona tofauti ya kugombania. Zote mbili zilitumia leza ile ile ya buluu-zambarau, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 405, mahali pa leza nyekundu ya DVD yenye nanomita 650. Wimbi likiwa fupi, nukta ya mwanga inakuwa ndogo, na vishimo vinavyobeba picha na sauti vinaweza kubanwa karibu karibu zaidi. Zote zilitoa picha ya mistari 1080. Zote zilitumia njia zile zile za kubana video, na zote zilikuwa na kufuli lile lile la kuzuia kunakili.

Ugomvi ulikuwa kwenye kina. Blu-ray iliweka data milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski. HD DVD iliiweka milimita 0.6, sawasawa na DVD. Kwa kusogea karibu na uso na kutumia lenzi yenye nguvu zaidi, Blu-ray ilipata gigabaiti 25 katika tabaka moja, na HD DVD ikapata 15. Hiyo ni tofauti kubwa na sitaibeza. Lakini data iliyo karibu na uso inaharibiwa na mkwaruzo mdogo, hata zile diski za mwanzo za kurekodia, zilizouzwa Japani mwaka 2003, zilifungiwa ndani ya kasha la plastiki, mpaka ulipopatikana utando mgumu wa kuzikinga. HD DVD haikuhitaji hayo. Kiwanda kilichokuwa kikitengeneza DVD kingeweza kuitengeneza kwa mabadiliko madogo ya mitambo.

Kinachonichoma ni kwamba watu hawa walishawahi kupatana. Katikati ya miaka ya 1990 Sony na Philips walikuwa na diski yao, Toshiba na Time Warner na wenzao walikuwa na yao, na vita vilikuwa mlangoni. Kampuni za kompyuta, IBM ikiwa mstari wa mbele, ziliwaambia waziwazi kwamba hazitapokea diski mbili. Mwaka 1995 wakapatana, na DVD ikazaliwa. Mwaka 2005 Sony na Toshiba waliketi tena kuzungumza, safari hii bila mtu wa kuwabana. Kila mmoja aling'ang'ania kina chake, milimita 0.1 au milimita 0.6, na wakaachana. Nyuma ya milimita hizo kulikuwa na mirabaha. Mwenye hataza, yaani haki ya uvumbuzi, hula katika kila diski na kila deki inayouzwa duniani, na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake sahani hiyo.

Na ushindi ulikujaje? Sony iliweka Blu-ray ndani ya kila PlayStation 3, kuanzia Novemba 2006, kwa hiyo mamilioni ya watu walikuwa na deki ya Blu-ray sebuleni hata kama walinunua mashine ya michezo tu. Microsoft iliiuza deki ya HD DVD ya Xbox 360, mashine yake ya michezo, peke yake, kwa dola 199 za ziada, na wengi hawakuihitaji. Agosti 2007 studio za Paramount na DreamWorks Animation zikatangaza kwamba zitatoa filamu zao kwa HD DVD pekee, na magazeti ya Marekani yakaripoti kwamba zimeahidiwa motisha ya takriban dola milioni 150. Toshiba hawakuwa malaika, na simwandikii mtu yeyote sifa za bure. Kisha tarehe 4 Januari 2008, siku chache kabla ya maonesho makubwa ya elektroniki ya Las Vegas, studio ya Warner Bros. ikatangaza kubaki na Blu-ray pekee. Kambi ya HD DVD ilifuta mkutano wake na waandishi wa habari. Februari ikaja na Netflix, waliokuwa wakikodisha diski kwa posta, na maduka ya Best Buy na Walmart, mmoja baada ya mwingine, wakiihama. Tarehe 19 Februari Toshiba ikatangaza kuacha. Siku 46 tu tangu tangazo la Warner.

Hakuna mahali katika habari hiyo ambapo mtazamaji aliulizwa. Waliokuwa wamenunua HD DVD walibaki na deki ambayo hakuna tena wa kuitolea filamu. Best Buy iliwapa wateja wake kadi za zawadi za dola 50, nami nawashukuru kwa niaba ya watu nisiowajua, maana wengi hawakupata hata hicho.

Sasa nirudi kwenye ukuta. Blu-ray ilibeba mtindo wa maeneo kutoka DVD, ikayapunguza hadi matatu. A ni mabara ya Amerika, pamoja na Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. C ni India, China, Urusi na majirani zao. Oman na Zanzibar safari hii tulitiwa chumba kimoja, lakini diski iliyofungwa kwa ajili ya India haifunguki kwetu, na ndugu wa Toronto akikuletea iliyofungwa huko, umepata pambo la ukutani. Studio nyingine hazikulitumia kufuli hilo sana, nyingine zililitumia kwa bidii.

HD DVD haikuwa na kitu hicho kabisa. Diski iliyonunuliwa London ilicheza Tokyo na ingecheza Ng'ambo, Unguja. Watu wa Marekani waliagiza kutoka Ulaya na Japani filamu ambazo kwao zilitoka kwa Blu-ray pekee, wakaziangalia bila shida. Kila deki ya HD DVD ilikuwa pia na tundu la mtandao, kwa sababu kanuni zao zililazimisha hivyo tangu siku ya kwanza, ilhali walionunua deki za kwanza za Blu-ray, kwa bei maradufu, waligundua baadaye kwamba mambo mapya ya diski zilizofuata hayafanyi kazi kwenye mashine zao. Kwangu mimi hiyo ni heshima kwa aliyetoa pesa yake.

Najua utetezi wa studio. Filamu hutoka Marekani kwanza, kisha nchi nyingine baada ya miezi, na bei haziwezi kuwa sawa kila mahali. Lakini eneo namba 5 lililindwa dhidi ya nini? Mitaani kwetu diski halali zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Zilizojaa ni nakala za kuchoma, filamu kadhaa kwenye diski moja, na nakala hizo hazikuwa na namba ya eneo. Mtu aliyelipa kihalali Maskati akafungiwa mlango, na mtu aliyenunua ya magendo sokoni akaangalia filamu yake usiku ule ule. Kisha wauzaji wa deki wakaanza kuleta mashine kutoka China zinazosoma maeneo yote, na likawa ndilo swali la kwanza la mnunuzi: inasoma zote?

Mwaka 2016 ilitoka Ultra HD Blu-ray, diski ya picha kali zaidi, kutoka kwa watu wale wale walioshinda mwaka 2008. Haina maeneo. Iliwachukua miaka kumi kufika pale HD DVD ilipoanzia, na walipofika, wengi wetu tulikuwa tumeshaacha kununua diski. Netflix ilianza kurusha filamu kwa mtandao Januari 2007, vita vikiwa vimepamba moto.

Idi iliyopita binti wa ami yangu alinitumia kutoka Maskati kiungo cha tamthilia ambayo nyumba nzima kwao wanaifuatilia. Huduma anayolipia yeye ndiyo ninayolipia mimi, kila mwezi bila kukosa. Nikabofya. Kwenye kioo cha simu yakatokea maandishi ya Kiingereza kwamba kipindi hiki hakipatikani katika nchi yangu. Niliwaandikia kuuliza sababu. Mpaka leo hawajanijibu.