Mtoto wa Kijerumani akija kwako mpe kazi, usimfungie sebuleni

Niko Hamburg miaka mingi sasa, na kwa vile Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010 wanafunzi wa kubadilishana huwa wanakuja na kwenda, na sisi Wabongo wa hapa ndo tunaopigiwa simu pale mtoto anapolia usiku au mwalimu anapokwama. Kwa hiyo nimewaona watoto wetu wakiwa ndani ya nyumba za Wajerumani, na nimewasikiliza watoto wa Kijerumani waliotoka kukaa kwetu. Kinachoniuma ni hiki: wetu wakija huku wiki chache tu wanarudi wanaongea Kijerumani, wao wakienda kwetu wanarudi Kiingereza chao kimenyooka zaidi, Kiswahili ni mambo, poa na asante basi.

Sababu iko ndani ya nyumba. Huku mtoto akifika anaonyeshwa kitanda, anaonyeshwa friji, anapewa ufunguo wa mlango, na kesho yake anaambiwa wewe leo unapanga meza, Jumamosi unatoa taka. Na taka za hapa si mchezo jamani, karatasi pipa la bluu, plastiki la njano, maganda ya chakula la kijani, chupa za soda za kutumia mara moja zinarudishwa dukani, unarudishiwa senti 25 za euro kwa kila moja, sasa mtoto anachanganya, mwenzake anamwelekeza, anauliza, anajibiwa, anarudia, hapo Kijerumani kinaingia bila daftari. Sisi ndo wenye msemo wa mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini wanaoufuata ni hawa.

Uzoefu pia wanao, tusiwanyime sifa yao. Ujerumani na Ufaransa walisaini mkataba wa urafiki 1963, mwaka huohuo ikaundwa ofisi ya vijana wa nchi hizo mbili, na mpaka leo mamilioni wameshapitia huko. Huyo mama anayempokea mwanao inawezekana kabisa naye akiwa na miaka 15 alilala kwa Wafaransa asiowajua.

Sisemi huku ni peponi. Chakula cha jioni ni mkate, jibini, nyama baridi na matango ya siki, na ukisema asante nimeshiba wanakuamini! Kwetu mtoto aliyelelewa anakataa kwanza, anabembelezwa, anakataa tena, anawekewa. Huku habembelezwi mtu. Nilienda kumwona binti mmoja wa kidato cha tatu nikakuta analala na njaa, biskuti alizopewa kwenye ndege ndo zinamvusha usiku, na mama mwenyeji ananiuliza mbona huyu mtoto hana hamu ya kula, anaumwa? Nilipomweleza machozi yalimtoka yule mama, kesho yake akapika wali. Kuna na ule ukimya, mtoto wetu mezani anainamisha macho na kujibu kwa kifupi, ndo adabu tuliyomfundisha, wao wanaona ana huzuni au hawapendi. Wanamuuliza maoni yake kuhusu kila kitu, mpaka siasa, na wanasubiri ajibu. Mwanzoni inamtesa kweli, ila natamani kwetu pia mtoto angeulizwa hivyo na baba yake, nasema kwa moyo wote.

Sasa mtoto wao akija Dar. Anapewa chumba cha watoto, wenye chumba wanalala chini, kuku anachinjwa, kreti ya soda inaletwa, dereva anampeleka kila mahali, dada wa kazi anamfulia mpaka soksi, na nyumba nzima inaongea naye Kizungu kuanzia baba mpaka wa chekechea, maana tunataka aone tumesoma. Ni upendo, najua, na ukarimu wetu siubezi hata kidogo. Lakini huyu mtoto kaja kujifunza lugha, na lugha iko uani kwa dada anayeosha vyombo, ambako hatumruhusu kukanyaga.

Mmoja niliyekutana naye alirudi na Kiswahili cha kweli, alikaa Tanga kwa bibi anayeuza vitumbua. Saa kumi na moja alfajiri wako uani wote wawili, bibi anamimina unga kwenye vishimo vya kikaango, yeye anageuza kwa kijiti, kukipambazuka anakaa na kopo la chenji, kimoja mia mbili, vitano buku, mteja akitoa elfu mbili anarudisha. Tulipoonana hapa akaniamkia shikamoo mama, watoto hawajambo? Kwa lafudhi ya Tanga kabisa.

Ila huyo alipata bahati, kwa sababu shule zetu zikitafuta wa kupokea wageni zinaangalia nyumba yenye geti na tailizi. Huku watoto wetu wamelala flati za vyumba viwili kwa mama anayelea peke yake na kufanya kazi supamaketi, na hakuna aliyeona aibu.

Na wanaokwama kusafiri ni haohao wa nyumba zisizo na geti. Mjerumani anajaza fomu ya viza ya Tanzania mtandaoni, analipa dola 50, anapanda ndege. Mwanafunzi wetu anayekuja kwa masomo kasamehewa ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, sawa, lakini bado alama za vidole, bado bima ya matibabu inayolipia mpaka euro 30,000 akiugua, bado karatasi za benki, mtoto wa muuza mitumba anazitoa wapi? Hilo la viza tuwabane Wajerumani kila tunapokaa nao mezani. La geti liko mikononi mwetu, shule zinazopanga safari za mwakani ziwaulize na wazazi wa Mbagala na Buguruni, chandarua na maji ya kuchemsha vinatosha, na mgeni aonyeshwe siku ya kwanza ndoo ya kufulia iko wapi.